Udongo wa msitu chini ya milima yenye mvua: mwekundu, wa majivu ya volkano, au uliochujwa?

Ardhi ya msitu chini ya milima inayopata mvua nyingi hudanganya macho. Juu kuna majani yaliyooza, chini yake tabaka jeusi, laini, na ukikanyaga mguu unazama kidogo. Mvua kubwa ikinyesha, baada ya saa moja huoni dimbwi. Anayetafuta mahali pa kupanda miti, kahawa au mboga akionyeshwa vipande vitatu vya namna hiyo huona vyote ni sawa, akachagua kilicho karibu na barabara.

Ule weusi wa juu mara nyingi ni kazi ya msitu, na msitu ukiondoka nao huondoka. Tofauti zenyewe zinaanzia sentimita 20 kwenda chini, na hujitokeza miaka michache baada ya miti kukatwa, wakati mnunuzi hana tena pa kurudi kulalamika.

Hapa nalinganisha aina tatu za udongo, zote zenye kina na zote zinazopitisha maji vizuri: mwekundu wa mfinyanzi, mweusi wa majivu ya volkano, na ule wa njano au mwekundu hafifu uliochujwa na mvua kwa maelfu ya miaka. Udongo wa kina kifupi, unaogonga mwamba kabla ya nusu mita, na ule wa bondeni unaotuamisha maji nimeuacha nje, kwa kuwa anayelazimika kuchagua huo ana maswali mengine kabisa.

Vigezo vya kupimia

*Kina.* Wapimaji wa ardhi huhesabu udongo kuwa na kina pale mizizi inapoweza kushuka mita 1 au zaidi bila kukutana na mwamba wala tabaka gumu. Ukipita mita 1.5 huitwa wenye kina kirefu sana. Lakini kina cha udongo si lazima kiwe kina cha mizizi, na tutaona kwa nini.

*Maji.* Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kupitisha maji na kushika maji. Udongo mzuri wa milimani huachia maji ya ziada yashuke haraka, kisha hubakiza ya kutosha kwa wiki zisizo na mvua. Dalili ya kwanza ni rangi. Wekundu, ukahawia au unjano uliosambaa sawasawa unaonyesha kuwa hewa inafika chini na chuma kilichomo kimepata oksijeni. Madoa ya kijivu au ya buluu yaliyochanganyika na ya rangi ya kutu yanaonyesha kuwa maji hukaa hapo sehemu ya mwaka, hata kama siku unayokagua ni kukavu.

*Chakula cha mimea na tindikali.* Mvua inayozidi kile kinachorudi hewani kama mvuke lazima ipite kwenye udongo kwenda chini, na ikipita huondoka na kalsiamu, magnesiamu na potasiamu. Vinavyobaki ni haidrojeni na alumini. Kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri tindikali inavyoongezeka, kikiwa chini ya 5.5 hivi, alumini huanza kuyeyuka, na kadiri kinavyozidi kushuka ndivyo alumini inavyozidi kuidhuru mizizi.

*Mteremko.* Je, udongo utabaki mahali pake msitu ukiondolewa?

*Kazi.* Jembe linaingiaje, na ni wakati gani hupaswi kuugusa?

Udongo mwekundu wa mfinyanzi

Wataalamu huuita Nitisoli. Hutokana zaidi na miamba myeusi yenye chuma kingi, kama basalti. Zaidi ya nusu ya udongo huu duniani iko Afrika ya tropiki, hasa kwenye nyanda za juu kama zile za Ethiopia, Kenya na Kameruni. Nchi za baridi nazo zina udongo unaokaribiana nao kwa tabia: huko Oregon, Marekani, vilima vinavyozunguka bonde la Willamette vina udongo mwekundu unaoitwa Jory, wenye kina kirefu na unaopitisha maji vizuri, uliokua chini ya misitu ya misonobari, na leo una mashamba ya mizabibu na ya miti ya Krismasi.

*Kina.* Ni sifa yake kubwa. Unaweza kuchimba mita mbili, tatu, ukaona rangi ileile na umbile lilelile, bila mpaka wa wazi kati ya tabaka moja na jingine. Chomoa bonge kutoka sentimita 60 hivi, ulishike kwa mikono miwili na ulivunje taratibu. Haligawanyiki ovyo. Linaachana katika vipande vidogo vyenye kona, na kila kipande kina nyuso bapa zinazong'aa ukizigeuzia jua. Mizizi hupenya katikati ya nyuso hizo, ndiyo maana mti uliopandwa humo huweza kufuata maji mbali sana chini.

*Maji.* Anayesikia "mfinyanzi" hufikiria matope yanayotuamisha maji. Huu una zaidi ya asilimia 30 ya mfinyanzi na bado unapitisha maji vizuri, kwa sababu chuma kimezishikanisha chembe ndogo kuwa chembechembe imara zenye nafasi kati yake. Usiuchanganye na ule mfinyanzi mweusi wa tambarare unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Kuhusu kushika maji, uko katikati: haushiki mengi kama majivu ya volkano, lakini kwa kuwa ni wa kina, akiba yake yote ikijumlishwa ni kubwa.

*Chakula na tindikali.* Kati ya hizi tatu, huu ndio wenye msingi bora. Kipimo cha pH mara nyingi huwa kati ya 5 na 6.5, kwa hiyo mazao mengi yanauvumilia bila ukarabati mkubwa. Kasoro yake ni fosforasi. Chuma kilekile kinachoupa wekundu na uimara hukamata fosforasi na kuifunga, mmea usiipate. Mbolea ya fosforasi ukiitawanya shamba zima, sehemu kubwa hubaki humo humo bila faida. Iweke karibu na mzizi, ikiwezekana pamoja na samadi iliyooza, maana mboji hupunguza ule mfungo.

*Mteremko.* Huvumilia mvua kuliko udongo mwingi, na kwa sababu tabaka la chini linafanana na la juu, hata ukipoteza kidogo bado kuna mahali pa kuanzia. Uvumilivu huo ndio unaowafanya watu wazembee. Ukiachwa mtupu kwenye mteremko mkali, mito ya hapo itakuwa myekundu kila masika kama ya kwingine.

*Kazi.* Ukiwa na unyevu wa wastani, jembe linaingia vizuri. Ukiwa umelowa unanasa kwenye jembe na viatu, na ng'ombe au trekta likipita wakati huo linaubana kiasi cha kuutoa kwenye tabia yake ya kupitisha maji. Subiri siku mbili, tatu baada ya mvua kubwa.

*Unamfaa nani.* Anayetaka kulima kwa muda mrefu mahali pamoja, mwenye kuchanganya mazao ya kudumu na ya msimu, na asiye na hakika bado atapanda nini. Humsamehe mkulima anayejifunza.

Udongo mweusi wa majivu ya volkano

Jina la kitaalamu ni Andosoli. Haufikii asilimia 1 ya nchi kavu ya dunia, lakini kwa kuwa volkano na mvua ya milimani huenda pamoja, anayetafuta ardhi kwenye vilima anaweza kukutana nao mara nyingi kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha. Uko Indonesia, Japani, kwenye milima ya Andes na kwenye milima ya volkano ya Afrika Mashariki.

*Kina.* Kwa kawaida ni mzuri, ila umepangwa kwa tabaka kufuata milipuko. Ukichimba unaweza kukuta majivu, chini yake udongo mweusi wa zamani uliofukiwa, kisha majivu tena, kisha kokoto nyepesi za volkano. Mizizi hupita kwa urahisi isipokuwa pale tabaka moja limegandamana na kuwa gumu, na tabaka la aina hiyo halijionyeshi juu. Chimba mpaka chini, usikubali kuonyeshwa ukingo wa barabara peke yake.

Utautambua kwa uzito. Lita moja ya udongo huu mkavu haizidi gramu 900 hivi, wakati mfinyanzi wa kawaida hupita kilo moja. Kipimo kingine ni cha vidole: chukua kipande chenye unyevu kinachoonekana kigumu kidogo, kifikiche kati ya kidole gumba na cha shahada. Ghafla kinalegea, kinateleza kama kimepakwa mafuta, na unyevu unatokeza. Ukishaliona hilo mara moja hutalisahau.

*Maji.* Ni sifongo: unakunywa mvua haraka, unaachia ya ziada, na bado unabaki na unyevu mwingi kuliko wenzake. Lakini una hatari moja ambayo wengi hawaambiwi. Ukikauka kabisa, kwa mfano ukilimwa na kuachwa wazi kwa miezi ya jua kali, haurudii hali yake ya kwanza. Chembe zake hujikusanya na kuwa punje kavu, uwezo wa kushika maji hupungua moja kwa moja, na upepo huanza kuzibeba. Kwa hiyo hapa kutandaza nyasi na kuacha kivuli ni masharti ya kutumia ardhi yenyewe.

*Chakula na tindikali.* Nilisema weusi wa juu mara nyingi ni wa msitu. Hapa ndipo penye tofauti: madini ya volkano hushikana na mboji na kuilinda isioze haraka, kwa hiyo weusi unashuka ndani na unabaki hata msitu ukiondoka. Wanaouona huamini wamepata rutuba isiyo na mwisho. Mboji hiyo hiyo iliyolindwa ni ngumu kumeng'enywa na vijidudu vya udongo, hivyo naitrojeni yake hutoka polepole. Na kuhusu fosforasi, hakuna udongo mchoyo kama huu. Mojawapo ya vipimo vinavyotumika kuutambua maabara ni kwamba hufunga asilimia 85 au zaidi ya fosfeti iliyowekwa. Majivu machanga ya volkano huwa na potasiamu na kalsiamu ya kutosha. Yaliyokaa muda mrefu kwenye mvua kubwa huwa na tindikali na yanahitaji kupimwa.

*Mteremko.* Tone la mvua haliuvunji kwa urahisi, na kwenye mteremko wa wastani wenye mimea husimama vizuri. Tatizo lipo pale ukijaa maji: tabia ile ya kulegea ghafla kwenye vidole inaweza kutokea kwa mlima mzima. Maporomoko kwenye miteremko mikali ya volkano baada ya mvua za siku nyingi mfululizo yanajulikana. Kukata ukingo wima ili kupata uwanja wa nyumba au njia ya gari ni kuyaalika.

*Kazi.* Jembe linapita bila kubembelezwa, na hii ndiyo sababu wapanda viazi, karoti na mboga za majani wanaupenda. Mizizi ya chakula inanenepa bila kizuizi na huchimbuliwa ikiwa safi.

*Unamfaa nani.* Mkulima wa mboga au maua anayelima kwa bidii, mwenye fedha ya mbolea kila msimu na nidhamu ya kufunika ardhi. Haumfai anayetaka kulima, kuacha wazi, na kurudi mwakani.

Udongo uliochujwa

Humu kuna ndugu wawili. Ferralsoli ni mzee sana, wa kina kirefu, mwekundu au wa njano, na duniani unakadiriwa kufikia hekta milioni 750. Akrisoli una tabaka la juu jepesi na la chini lenye mfinyanzi zaidi, na unakaribia hekta bilioni 1. Kwa hiyo kwenye tropiki yenye mvua, mbali na volkano na basalti, ndio huu utakaoonyeshwa. Watu huudharau. Kwa maoni yangu kosa si la udongo. Ni la kuutaka uwe kitu kingine.

*Kina.* Ferralsoli inaweza kushuka mita nyingi bila jiwe. Na hapa ndipo kina cha udongo kinapoachana na kina cha mizizi. Ng'oa mhindi ulioota humo kabla ardhi haijarekebishwa, uoshe mizizi, utaiona imekuwa mifupi, minene, yenye ncha zilizoviringana, imekataa kushuka. Alumini ndiyo iliyoizuia. Mmea huo utanyauka kwa wiki mbili za jua huku sentimita 50 chini yake udongo ukiwa na unyevu.

*Maji.* Ferralsoli hupitisha maji kwa kasi kwa sababu mfinyanzi wake umeganda katika chembe ndogo zinazofanya kazi ya mchanga, ila maji ambayo mmea unaweza kuyapata humo si mengi. Akrisoli ni tofauti: maji hushuka haraka mpaka kwenye tabaka la mfinyanzi, hapo hupunguza mwendo, na mvua ikizidi huanza kutembea juu ya ardhi.

*Chakula na tindikali.* Msitu mkubwa juu ya udongo maskini huwashangaza wengi. Jibu ni kwamba chakula kingi kiko kwenye miti yenyewe na kwenye majani yanayooza, na mizizi iliyotapakaa juu hukirudisha kabla mvua haijakibeba. Kata uchome, majivu yatapandisha pH na kuachia potasiamu na kalsiamu, na mavuno ya kwanza yatakupa matumaini. Mvua za misimu michache zitayaondoa. Chokaa inasaidia, lakini hubaki zaidi pale ilipochanganywa na haishuki upesi, kwa hiyo tabaka la chini hubaki na tindikali yake. Jasi husafirisha kalsiamu chini zaidi, ingawa yenyewe haiondoi tindikali.

*Mteremko.* Ferralsoli hushikilia kiasi. Akrisoli ndiyo dhaifu kuliko zote nilizozitaja: tabaka lake la juu huvunjika kwa matone, hufanya ukoko, kisha husombwa.

*Kazi.* Rahisi karibu wakati wote, hata siku moja baada ya mvua.

*Unamfaa nani.* Mpanda chai, ambayo hustawi kwenye tindikali, au mpanda mpira, michikichi, mihogo na mananasi. Pia anayetaka kilimo cha miti mchanganyiko, na anayenunua kwa nia ya kuuacha msitu ukiwa msitu.

Namna ya kuhakikisha kabla ya kuamua

Chimba shimo la mita 1 hadi 1.5 katikati ya kipande, na jingine chini ya mteremko. Angalia rangi kutoka juu hadi chini, madoa, mawe, na mizizi inaishia wapi. Kando, chimba kishimo cha sentimita 30, kijaze maji, yaache yaishe, kijaze tena na upime. Maji yakishuka sentimita 2.5 hadi 7.5 kwa saa ni kasi nzuri kwa mimea mingi. Chini ya hapo kuna kitu kinachozuia. Juu ya hapo jiandae kumwagilia mara kwa mara na kugawa mbolea kidogo kidogo.

Sampuli za maabara chukua mara mbili: sentimita 0 hadi 20, na 30 hadi 60, kila moja kwenye mfuko wake. Wengi hupeleka ya juu peke yake, na majibu hutoka mazuri kwa sababu wamepima kazi ya majani yaliyooza. Omba pH, alumini inayoweza kuachiliwa, fosforasi na mboji.

Ukiwa katika hali hii

*Una ardhi ndogo na unategemea mazao ya msimu.* Mwekundu wa mfinyanzi au majivu ya volkano. Ukiweza kupata samadi kwa wingi, majivu yatakulipa haraka. Usipoweza, chukua mwekundu.

*Unapanda parachichi au miti mingine inayochukia maji mizizini.* Zote tatu zinapitisha maji, lakini Akrisoli chunguza tabaka la mfinyanzi liko umbali gani. Likiwa sentimita 40 chini na mvua ni ya miezi mingi, tafuta kwingine.

*Unapanda chai.* Uliochujwa au majivu yenye tindikali. Mwekundu wenye pH ya 6 na zaidi utakupa kazi bila sababu.

*Eneo lina kiangazi kirefu katikati ya misimu ya mvua.* Kwa mazao ya kudumu, mwekundu, kwa sababu mizizi inashuka kweli. Majivu yanafaa pia mradi yasiachwe wazi hata msimu mmoja. Uliochujwa uchukue kwa mimea inayovumilia alumini tu.

*Mteremko ni mkali.* Acha swali la udongo upi na uanze na swali la sehemu ipi. Sehemu ya juu na ya kati ibaki na miti, panda chini penye unafuu, na kwenye majivu ya volkano usijenge chini ya ukingo uliokatwa.

*Huna mpango wa kuishi hapo wala kutia mbolea kila mwaka.* Panda miti au uache iliyopo. Ukikodisha kwa mtu alime, kwenye udongo uliochujwa andika katika mkataba kwamba hachomi na haondoi mabaki ya mazao, na upime tabaka la sentimita 0 hadi 20 siku anapoingia na siku anapotoka.